Mgeni ni Kuku Mweupe: Habari za Magari ya Watu Wote katika Mji wa London

Wazee wetu husema ya kuwa mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni dhahiri: kuku mweupe haonekani na mwewe peke yake, huonekana na kila mtu. Mtu akifika katika mji asioujua, hata kama hajafumbua kinywa, wenyeji wamtambua kwa kusimama kwake njia panda, kwa kutazama kwake juu na chini, na kwa kushika mzigo wake kwa mikono miwili. Mwema akimwona humsaidia. Mwovu akimwona hufurahi, kwani amepata riziki ya siku ile.

Sisi wenyewe katika ujana wetu tulishuka siku moja katika mji mkubwa wa bandari. Mtu mmoja mwenye gari akatukaribisha kwa maneno matamu, akatuzungusha muda wa nusu saa, akatutoza karibu fedha zetu zote, kisha akatushusha. Kesho yake tulipotembea kwa miguu tuligundua ya kuwa mahali aliposhusha mizigo yetu palikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale tulipopanda. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: Je, mji wawezaje kutengenezwa hata mgeni asiyejua njia apite ndani yake bila kuibiwa, bila kupotea, na bila kushikwa mkono kama kipofu?

Katika kutafuta jibu tumechagua kueleza habari za London, mji mkuu wa Uingereza. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, huo ndio mji wa kwanza ulimwenguni uliopitisha gari la moshi la abiria chini ya ardhi. Pili, watu wa Afrika ya Mashariki wamefika huko mara kwa mara tangu zamani, na miaka ya safari zao yatufaa kama mawe ya maili yaliyosimamishwa kando ya njia. Tutasimama penye mawe matatu: mwaka 1875, mwaka 1902, na mwaka 1931.

Lakini kabla ya kufika penye jiwe la kwanza, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tena tuanzie Paris, katika nchi ya Ufaransa. Huko alikuwako mtu mwenye hekima nyingi, jina lake Blaise Pascal, ambaye wengi wamjua kwa hesabu zake na kwa maandiko yake juu ya imani. Katika mwezi wa Machi mwaka 1662, miezi michache kabla ya kufa kwake, Pascal na rafiki zake walianzisha magari ya farasi yaliyokwenda katika njia maalumu za mji, kwa nauli moja ya soli tano, yakiwa na abiria au yakiwa matupu. Hilo lilikuwa wazo jipya. Mpaka siku zile mwenye gari alikuwa tajiri, na asiye tajiri alikuwa na miguu yake. Walakini baraza la hakimu wa Paris liliweka sharti, kwamba askari wa kawaida, watumishi na vibarua wasipande. Basi wale waliohitaji gari zaidi ndio waliokatazwa. Baada ya miaka kama 15 magari yale yakatoweka, na wazo la Pascal likalala kwa muda wa karibu miaka 150.

Lilipoamka tena, liliamka katika Ufaransa ileile, katika mji wa Nantes, mwaka 1826. Magari yale mapya yakaitwa omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote." Na hapa msomaji atacheka kidogo, kwani Waingereza walipolipokea neno lile waliliona ni refu, wakalikata kichwa na kiwiliwili, wakabakiza mkia, yaani "bus." Mkia ule ndio tuliourithi sisi, tukauita "basi." Basi kila asemaye leo kwamba amepanda basi, anasema bila kujua kwamba amepanda "kwa ajili ya wote." Nasi tumwombe msomaji alishike neno hili, kwani habari zote zinazofuata ni habari za mji kujaribu kutimiza ahadi iliyomo katika jina la gari.

Mtu aliyeipeleka kazi hii London ni George Shillibeer, fundi wa kuunda magari ya farasi, aliyekuwa amefanya kazi Paris. Tarehe 4 Julai 1829 gari lake la kwanza liliondoka Paddington kwenda mpaka Benki, katikati ya mji. Lilivutwa na farasi watatu waliofungwa sambamba, likachukua watu 22, na nauli ya safari nzima ilikuwa shilingi moja. Jambo kubwa halikuwa ukubwa wa gari. Jambo kubwa ni kwamba abiria hakuandikisha jina lake kwanza wala hakupatana bei. Alisimama njiani, akainua mkono, akapanda, akalipa nauli ileile aliyolipa jirani yake. Shillibeer mwenyewe hakufaidika sana. Wengine wenye mali walimwiga, wakamshinda, naye akafilisika, na baadaye akafanya biashara ya magari ya mazishi. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuota.

Haya, tumefika penye jiwe la kwanza. Mwaka 1875 Sultani Barghash bin Said wa Unguja alizuru Uingereza. Alikuwa mgeni wa Serikali, hivyo hakuwa na haja ya kuuliza njia. Magari yalimngojea mlangoni. Lakini tukimwacha Sultani katika gari lake, tutazame mji aliopita ndani yake. London ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3. Barabara zake zilijaa farasi, matope na mavi ya farasi. Mabasi yalikuwa mengi, kila kampuni ikiwa na rangi yake na jina lake ubavuni. Mwenyeji alijua kwamba rangi fulani humpeleka upande fulani. Mgeni je? Kwake yeye zilikuwa rangi tu. Tena walikuwako watu wajanja waliopaka magari yao rangi za kampuni zenye sifa njema, ili wapandishe watu wasiojua na kuwatoza zaidi. Waingereza wenyewe waliyaita magari hayo maharamia, kama wale wezi wa baharini.

Chini ya miguu ya Sultani kulikuwa na ajabu nyingine. Tarehe 10 Januari 1863 gari la moshi lilikuwa limeanza kupita chini ya ardhi, kutoka Paddington mpaka Farringdon, njia ya maili karibu 4. Aliyehangaika sana ili njia hiyo ijengwe ni Charles Pearson, mwanasheria wa mji. Fikira yake ilikuwa kwamba maskini waliosongamana katikati ya London waweze kukaa nje penye hewa safi na kufika kazini kwa nauli ndogo. Alikufa mwaka 1862, miezi michache kabla gari halijapita. Njia yenyewe ilijengwa kwa kuchimba barabara kama kaburi refu, kujenga kuta na dari ya matofali, na kufukia juu yake tena. Pale ilipopita penye nyumba za maskini, nyumba zilibomolewa, na aghalabu wenye kukaa ndani walikwenda zao bila fidia. Ndivyo ilivyokuwa: kazi iliyokusudiwa kuwasaidia maskini ilianza kwa kuwatoa nyumbani mwao. Na kwa kuwa mashine zilichoma makaa, moshi ulijaa humo chini, abiria wakatoka wakikohoa. Hata hivyo watu walipanda kwa maelfu tangu siku ya kwanza, kwani huko chini hapakuwa na msongamano wa farasi.

Jiwe la pili ni mwaka 1902. Mwaka huo Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alikwenda London pamoja na Ham Mukasa, mwandishi wake, kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Aliyewaongoza ni Ernest Millar, mmisionari wa CMS. Mfalme akaugua, na sherehe iliyowekwa mwezi wa Juni ikaahirishwa hata tarehe 9 Agosti. Ham Mukasa aliandika habari za safari yote kwa Kiganda, na mwaka 1904 zikapigwa chapa kwa Kiingereza. Angalieni, wasomaji, tofauti ya miaka 27 tu. Sultani alikwenda kama mtawala. Hawa nao walikuwa wakubwa wa nchi yao, lakini mmoja wao alichukua kalamu, ili ndugu zake waliobaki nyumbani wasafiri naye kwa macho ya kitabu.

Mji nao ulikuwa umegeuka. Mwaka 1890 ilikuwa imefunguliwa njia ya reli iliyochimbwa ndani sana chini ya ardhi, na magari yake yakavutwa kwa nguvu za umeme. Wenye njia ile walifikiri kwamba, kwa kuwa chini ya ardhi hapana kitu cha kutazama, hapana haja ya madirisha makubwa. Wakaweka vidirisha vyembamba karibu na dari. Hapo abiria akawa kama mtu aliyefungiwa sandukuni. Hakuona jina la stesheni, ikambidi mtumishi aliyesimama mlangoni apaze sauti kulitaja. Asiyesikia vizuri, au asiyekijua Kiingereza, alipitishwa. Twajifunza hapa kwamba mgeni hapotezwi na ubaya wa watu tu; hupotezwa pia na fundi ambaye hakumfikiri.

Mwaka 1900 ikafunguliwa njia nyingine ya umeme, iliyokata katikati ya mji, nayo ilikuwa na nauli moja tu, peni mbili, kwa kila mtu na kwa kila safari. Watu wakaipenda, wakaiita njia ya peni mbili. Mgeni aliyekuwa na peni mbili mkononi hakuweza kupunjwa, kwani bei ilijulikana na watu wote.

Na juu barabarani, jambo la fedha lilikuwa limeleta ugomvi. Mpaka mwaka 1891 makondakta wa kampuni kubwa ya mabasi walipokea nauli bila kutoa tikiti, na ilijulikana kwamba sehemu ya fedha ilibaki mifukoni mwao. Kampuni ikaleta tikiti. Makondakta na madereva wakagoma. Tusiwahukumu upesi. Mshahara wao ulikuwa mdogo na saa zao za kazi nyingi mno, na zile peni walizozibakiza zilikuwa zimehesabiwa kama sehemu ya ujira wao. Lakini kwa upande wa abiria, kile kipande cha karatasi kilikuwa shahidi. Kilisema: mtu huyu amelipa, tena amelipa kiasi hiki, na kutoka hapa mpaka pale. Mwaka 1907 jambo kama hilo likafanywa katika magari ya kukodi, hata kila gari likalazimishwa kuwa na mita ya kuhesabu nauli, wala dereva asiweze kutazama mavazi ya mtu ndipo akataja bei.

Tangu hapo mambo mema yalifuatana. Mwaka 1906 kampuni moja ya magari ya mota ilianza kuyapa mabasi yake namba kwa njia zao, na nyingine zikafuata. Namba ni jambo dogo, lakini faida yake ni kubwa: hata asiyekijua Kiingereza aweza kulinganisha namba iliyo katika karatasi yake na namba iliyo katika paji la gari. Mwaka 1908 kampuni za njia za chini, ambazo zilikuwa zikishindana, zilikubaliana kutumia jina moja milangoni na kutoa ramani moja. Ndipo ilipoanza ile alama ya duara jekundu lenye mwamba wa buluu, ambayo ingali inajulikana duniani kote. Mwaka 1911 stesheni ya Earl's Court ilipata ngazi ziendazo zenyewe. Na mwaka 1914, karibu na mwanzo wa vita, basi la mwisho la farasi likatoka barabarani.

Sasa jiwe la tatu. Mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa ikichunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, nayo ikawaita Waafrika watoe ushahidi. Kutoka Tanganyika walikwenda Mtemi Makwaia, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba, karani mkubwa wa Serikali huko Tanga, aliyesomeshwa Kiungani, Unguja. Kayamba aliandika habari za safari ile kwa Kiswahili katika kitabu kiitwacho "Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza," kilichotoka mwaka 1932. Hao hawakwenda kutazama sherehe. Walikwenda kusema mbele ya watawala mawazo ya watu waliowatuma.

London waliyoikuta ilikuwa mji wa mota na umeme. Stesheni ya Piccadilly Circus, iliyojengwa upya mwaka 1928, ilikuwa na ngazi 11 ziendazo zenyewe. Alama zilikuwa wazi, namba zilikuwa wazi. Lakini ramani ilikuwa bado ngumu. Wachoraji waliifuata nchi kama ilivyo, kila kona na kila umbali, hata stesheni za katikati ya mji zikasongamana kama siafu, na zile za nje zikatupwa mbali pembeni.

Katika mwaka uleule wa 1931 kijana mmoja, Harry Beck, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya mitambo ya ishara za reli, alikaa katika saa zake mwenyewe akafikiri hivi: Mtu aliye chini ya ardhi haoni mito wala milima wala nyumba. Ana haja gani ya kujua maili? Yeye ataka kujua mambo matatu tu: apande njia ipi, abadilishe wapi, na ahesabu stesheni ngapi. Akachora njia zote kwa mistari iliyonyoka, kila njia na rangi yake, akaziweka stesheni mbalimbali kwa nafasi karibu sawa, akabakiza mto Thames peke yake kuwa ukumbusho wa nchi iliyo juu. Wakubwa wakaikataa kwanza, wakaona ni ajabu mno. Mwaka 1932 wakakubali kuijaribu kwa nakala chache, na Januari 1933 ikatolewa kwa watu wote. Watu wakaipokea kwa furaha, kwani hata mtoto aliweza kuifuata. Beck alilipwa kidogo sana. Mwaka 1960 ramani ilitolewa kwa mkono wa mwingine bila yeye kushirikishwa, naye akateta miaka mingi bila kufaulu, akafa mwaka 1974. Siku hizi ramani ya London humtaja kuwa ndiye mwanzilishi wake.

Lakini mgeni asiiamini ramani ile kupita kiasi. Katika mchoro, stesheni ya Leicester Square na ile ya Covent Garden zimekaa mbali kama nyingine zote. Juu ya ardhi umbali wake haufiki hata mita 300. Wageni wengi hulipa nauli, hushuka ngazi, hungoja gari, hupanda tena juu, hali mwenyeji amekwisha kufika kwa miguu akanywa chai. Tulipoyasoma hayo tuliikumbuka safari yetu ya zile hatua mia mbili, tukajifariji.

Kisha ukaja mwaka 1940, ambapo Waingereza wenyewe walionja ugeni. Kwa hofu kwamba adui angeshuka nchini mwao, Serikali iliamuru vibao vya njia ving'olewe na majina ya stesheni yaondolewe au yafichwe. Usiku taa zilizimwa kwa sababu ya ndege za mabomu. Mtu aliyezaliwa katika nchi ile akawa hajui yuko wapi, akapapasa kuta, akauliza kila hatua. Na zile stesheni za chini zikawa mahali pa kulala kwa maelfu ya watu.

Baada ya vita London ilipungukiwa na watu wa kazi. Mwaka 1956 wenye mabasi na magari ya chini walipeleka wajumbe kisiwani Barbados, katika bahari ya Karibi, kuandika watu, ambao wengi wao babu zao walichukuliwa Afrika katika utumwa. Wakaja kwa meli wakiwa wageni kabisa, nao katika muda mfupi wakawa ndio makondakta wenye kuwaambia Waingereza washuke wapi. Haikuwa rahisi kila mahali. Katika mji wa Bristol kampuni ya mabasi ilikataa kuwaajiri watu weusi na Wahindi kuwa makondakta na madereva. Mwaka 1963 watu wakasusa mabasi yale, wakatembea kwa miguu na kwa baisikeli kwa miezi kadhaa, hata tarehe 28 Agosti kampuni ikatangaza kwamba imeacha ubaguzi ule. Tangu sharti la Paris la mwaka 1662 hata siku ile ni miaka 301. Neno "kwa ajili ya wote" lilichukua muda huo wote kutembea kutoka ubavuni mwa gari mpaka moyoni mwa watu. Wala hatudhani kwamba limekwisha kufika kila mahali.

Siku hizi namna ya kulipa imegeuka tena. Mwaka 2003 ilianza kadi ya kugusisha mlangoni, na tangu Julai 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Makondakta nao wametoka katika mabasi ya kawaida. Ni wepesi kwa aliyezoea, lakini mgeni mwenye sarafu halali mkononi aweza kuachwa kituoni, wala hapana mtu wa kumweleza. Kila urahisi mpya una mtu wake anayesahauliwa, na kazi ya wenye hekima ni kumtafuta huyo kwanza. Watu wa Mexico walifanya hivyo walipofungua gari lao la chini mwaka 1969: kila stesheni walipa jina na picha, ili hata asiyejua kusoma asipotee. Chapultepec, ambayo maana yake ni kilima cha panzi, ina picha ya panzi.

Ndugu wasomaji, twajifunza nini? Mji hauwi mwema kwa majumba yake marefu. Huwa mwema mgeni anapoweza kujua bei kabla ya kupanda, kusoma mahali alipo, na kumpata mtu wa kumwuliza. Mambo hayo hayakushuka yenyewe. Yalitafutwa na mafundi, makarani na wachoraji, ambao wengine walifilisika na wengine walikufa kabla ya kuona matunda. Na kijana wetu atakayesafiri asione haya. Ajifunze kusoma ramani angali shuleni, aandike katika karatasi jina la mahali aendako, aulize nauli kabla ya kupanda, na akiwa na shaka amwulize mwenye kazi ya njia, si yule amkimbiliaye kwa maneno matamu. Kuuliza si ujinga.

Nasi tuliobaki vijijini tunalo la kufanya pia. Kuku mweupe atapita na kwetu siku moja, amesimama njia panda, ameshika mzigo wake kwa mikono miwili. Hatuna vibao wala namba wala ramani za rangi. Kwa hiyo sisi wenyewe ndio tulio ramani yake.